Misalaba Kumi na Tisa ya Ravne

Podlaz, 9 Novemba 1947

Mwanangu Žef,

Nakusalimu, na ng'ombe naye anakusalimu, maana ndiye pekee aliyebaki nami humu ndani. Afya ninayo. Goti la kushoto linalalamika nikishuka mlima, nikipanda linanyamaza, kwa hiyo najitahidi kupanda tu. Lucija wa jirani amejifungua mtoto wa kike, kilo nne. Viazi vimetoka vidogo. Padri ana kikohozi lakini amekataa kufupisha mahubiri.

Naandika kwa lugha yetu ya nyumbani. Karani wa posta kule Cividale akitaka kusoma barua zangu, ajifunze.

Sasa lililonikalisha mezani. Juzi wapima wa Tume ya Mipaka walirudi, Waitalia na Wayugoslavia pamoja, wakachomeka vigingi vyenye ncha nyekundu. Tulijua mpaka mpya utapita kileleni, pale maji ya mvua yanapogawanyika, kama walivyokubaliana wakubwa huko Paris. Vigingi havikupita kileleni. Vimepita mita mia nne chini yake, kwenye misalaba yetu. Maana yake uwanda wote wa Ravne, majani yote ya kijiji, uko Yugoslavia. Nyumba kumi na tisa, ng'ombe thelathini na mmoja, na hakuna pa kukata majani ya baridi isipokuwa miteremko ambayo hata mbuzi anaifikiria mara mbili.

Wewe ulitembea na wapima hao siku nne mwezi wa Septemba, ukawabebea ile fimbo ya kupimia. Wiki tatu baadaye ukapanda treni ya Ubelgiji. Niambie walikuuliza nini huko juu, na uliwajibu nini.

Shangazi yako,
Tinca

*

Karibu na Liège, 14 Desemba 1947

Shangazi Tinca, shikamoo.

Barua yako imenifikia baada ya siku ishirini na sita. Mimi mzima. Tunalala katika mabanda ya mabati walimokuwa wakifungwa mateka wa vita, watu thelathini na wawili kwa banda moja. Nashuka mita mia nane na thelathini chini ya ardhi. Mwenzangu wa zamu ni Mkalabria, mtu wa kusini kabisa mwa Italia, anayeitwa Rocco. Hanielewi nami simwelewi, ila mwamba ukianza kutoa sauti tunaelewana haraka sana. Chakula ni mkate na viazi. Ugali wetu wa mahindi nauota.

Mpe hongera Lucija. Mwambie padri aweke vitunguu kwenye asali.

Kuhusu Ravne, mimi nilibeba fimbo tu. Wanasema simama, nasimama. Wanasema sogea kushoto, nasogea. Mambo ya Tume ni makubwa kuliko mbeba fimbo.

Nimefikiri jambo moja. Binamu Vigi ana chumba Cividale, kina jiko na dirisha linaloangalia mtoni. Mwuze ng'ombe, uhamie kwake kabla ya theluji. Hapo juu hakuna maisha tena, Shangazi. Hata vijana waliobaki wanatafuta karatasi za kuja huku.

Mwanao,
Žef

*

Podlaz, 18 Januari 1948

Mwanangu Žef,

Marahaba. Tuna theluji hadi kwenye dirisha la chini. Mtoto wa Lucija amebatizwa Marjuta. Padri alijaribu dawa yako ya asali, akasema afadhali kikohozi.

Nimesoma habari za chumba cha Vigi. Dirisha linaloangalia mtoni ni zuri kwa mtu asiye na kazi. Ng'ombe simwuzi. Na usiniambie hapa hakuna maisha. Tangu vita viishe wamezaliwa watoto sita katika kijiji hiki, huyo wa Lucija akiwa wa sita.

Umenijibu habari za mkate, viazi na Mkalabria. Nilichouliza hukujibu. Kwa hiyo nitakueleza ninachokijua, nawe utanisahihisha.

Mpaka wa zamani wa Venezia na Mfalme wa Vienna ulikuwa kileleni. Venezia ilipoanguka ukabaki kileleni. Mwaka 1866 sisi tulipowekwa chini ya Italia, wenzetu wa upande wa pili wakabaki Austria, mpaka ulikuwa kileleni. Mwaka 1915 baba yako alipanda kileleni hapo hapo akiwa na bunduki, kwa sababu ndipo walipomwambia nchi inapoishia. Baada ya vita vile mpaka ulifutwa, pande zote zikawa Italia, tukakatazwa lugha yetu shuleni na mwaka 1933 hata kanisani. Katika historia yote hiyo hakuna serikali iliyowahi kuchora mstari kwenye misalaba yetu.

Misalaba ni yetu. Babu yako aliichonga mwaka 1889 na wenzake, kila nyumba msalaba mmoja na alama ya kazi yake chini, kwenye miamba ya ukingo wa chini wa Ravne. Kila mwaka kabla ya kukata majani tunapiga kura kwa maharagwe, nyumba inajua fungu lake linaanzia msalaba upi. Unajua haya. Umeyafanya tangu ukiwa na urefu wa ndoo.

Na kosa letu nalisema mwenyewe, kabla hujaninong'onezea. Tuliposikia wageni wa Tume wanakuja, sisi wanawake tulipaka chokaa. Tulipaka kanisa, kisima, vizingiti vya nyumba zote, na Lucija, mimba ya miezi saba, akasema mnaacha misalaba ya Ravne imeota kuvu hivyo, wageni watatuonaje. Tukapanda na ndoo tatu. Tuliipaka yote kumi na tisa. Ilionekana hadi ng'ambo ya bonde. Hakuna kijiji kingine ambacho kingempambia mwizi mlango.

Lakini chokaa haisemi. Mtu aliona mawe meupe yamejipanga, akauliza ni nini, na mtu mwingine akajibu. Mpima mmoja amemwambia padri kwamba ni misalaba ya mpaka ya Venezia. Nani alimpa habari ya Venezia?

Wiki iliyopita nilipanda hadi kwenye vigingi kwa viatu vya theluji. Upande wa pili kulikuwa na askari wao, ana kofia yenye nyota. Nikadhani atakuwa mtu wa mbali. Akanisalimu kwa lugha yetu, lafudhi ya Tolmin, ng'ambo tu ya kilele.

"Mama, mpaka."

"Uko wapi?"

"Hapo ulipokanyaga."

"Nimekanyaga fungu la nyumba ya fundi cherehani. Futa theluji kwenye hilo jiwe, utaona mkasi umechongwa chini ya msalaba."

Akafuta kwa kitako cha bunduki. Mkasi ukatokea. Akautazama, akasema, "Venezia walikuwa na mafundi cherehani?"

"Nyumba kumi na tisa, kijana, na mmoja alikuwa mfua vyuma, na mwingine anafuga nyuki. Jiwe kwa jiwe, jionee."

Akacheka, akaniambia nishuke kabla mkubwa wake hajaja. Nilishuka, baada ya kumaliza kula mkate wangu palepale.

Jibu swali, Žef.

Shangazi yako

*

Karibu na Liège, 22 Februari 1948

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na ajali kwenye njia ya tatu. Mimi sikuwepo, Rocco alikuwepo, wamemkata vidole viwili. Anasema bado ana vinane vya kuwatukania. Nimeanza kumwelewa.

Naomba usiniulize tena habari za Septemba. Yaliyopita yamepita, na vigingi vimeshachomekwa. Kule juu kuna askari wenye silaha. Usipande peke yako.

Chumba cha Vigi bado kipo wazi.

Žef

*

Podlaz, 7 Machi 1948

Žef,

Hapa hatujambo. Salamu kwa huyo Mkalabria, nimempenda.

Nilikwenda Cividale Jumanne, kwa miguu hadi barabarani, kisha juu ya lori la mbao. Sikwenda kuangalia chumba. Nilikwenda kwenye ofisi ya wapima na kukaa kwenye benchi saa tano. Mwishowe ofisa mmoja, mtu mstaarabu mwenye miwani, alinipokea ili niache kumtazama. Akafungua jalada letu. Nikamwomba anisomee kwa nini mstari uko pale. Akasoma:

"Alama za kale za Jamhuri ya Venezia, zilizothibitishwa papo hapo na mwongozaji, mkazi wa Podlaz, Dugaro Giuseppe, miaka ishirini na minne."

Nikamwambia Dugaro Giuseppe, kama walivyokuandika wewe kwenye cheti, nimemfuta makamasi mimi mwenyewe na Venezia hakuwahi kufika.

Akasema, "Mama, basi alete maelezo yaliyosainiwa mbele ya shahidi. Pingamizi zinapokelewa hadi tarehe thelathini Aprili. Baada ya hapo tunaweka bikoni za saruji." Kisha akavua miwani. "Ila elewa jambo. Wajumbe wanaruhusiwa kusogeza mstari hadi nusu kilomita, na jalada likifunguliwa linafunguliwa kwa pande zote mbili. Wenzetu walikuwa na dai lao. Walitaka mstari ushuke hadi kijitoni, chini ya nyumba za juu za kijiji chenu. Waliliacha walipoiona misalaba."

Nyumba za juu ni sita. Ya kwanza kutoka juu ni yetu.

Sitaki maelezo marefu. Nataka karatasi, saini na shahidi. Una siku hamsini na nne, na posta inakula ishirini na sita.

Tinca

*

Karibu na Liège, 26 Machi 1948

Shangazi Tinca,

Shikamoo. Nimepata barua yako leo na ninakujibu leo.

Siku ya tatu tulipanda Ravne. Usiku uliotangulia wapima walilala shuleni, nami nikawapelekea kuni. Nikawasikia wakibishana juu ya ramani. Mkubwa wa upande wa pili alikuwa ameweka kidole kwenye kijito. Niliona kidole chake, Shangazi. Kilikuwa chini ya nyumba yetu.

Asubuhi tulipotoka kwenye miti, misalaba ikang'aa mbele yetu kama meno. Wote wakasimama. Mpima Mwitalia akaniuliza, "Hii ni nini?" Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja. Nikafikiri, wakiambiwa ni misalaba ya majani watacheka na kuendelea kushuka na vipimo vyao hadi kijitoni. Wakiambiwa ni ya serikali ya kale watasimama. Wakubwa wanaheshimu jiwe la mkubwa mwenzao. Nikasema, "Ya Venezia. Mababu walituambia hapa ndipo nchi ilipoishia." Mpima wao akauliza kuhusu zile alama za mkasi na nyundo. Nikasema ni alama za vikosi.

Wakaandika. Yule mwenye kidole akakunja ramani yake.

Basi niliuza majani ya kijiji kizima ili nyumba yako isivuke mpaka. Sikuweza kukaa mezani na fundi cherehani na kumtazama baada ya hapo, ndiyo maana nilipanda treni. Si njaa iliyonitoa, ulijua hivyo.

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Nimeandika ukweli wote, nimesaini, na Rocco amesaini kama shahidi kwa vidole vilivyobaki. Hajui kilichoandikwa, lakini aliniona nikiandika na amesema mtu akitokwa jasho namna ile basi ni kweli.

Ila nakusihi. Ukiikabidhi, unafungua ule upande wa pili. Wanaweza kuchukua nyumba sita. Usipoikabidhi, mimi nitabaki mwongo na wewe utabaki na paa lako. Mimi nimelizoea hilo. Amua wewe.

Žef

*

Podlaz, 25 Aprili 1948

Mwanangu Žef,

Nimeisoma barua yako mara moja. Ilitosha.

Umesema niamue mimi. Hapo ndipo ulipokosea tangu mwanzo, na nitakwambia mara moja tu kisha tuliache. Majani ya Ravne si yako na si yangu. Uliona kidole cha mtu kwenye ramani, ukaamua peke yako kwa niaba ya nyumba kumi na tisa, na ukaniweka mimi kuwa sababu. Sikukutuma. Usinibebeshe. Kama ungeshuka asubuhi ile ukagonga milango, tungepanda wote na kusimama mbele ya kile kidole.

Basi mimi niligonga milango. Jumapili baada ya misa tulikutana chumba cha shule, kila nyumba mtu mmoja. Nikasoma karatasi yako kwa sauti, neno kwa neno. Sikuruka mahali popote, hata pale pa mkasi.

Kisha Štefan fundi cherehani akasema, "Alama ya kikosi." Akarudia. "Miaka hamsini na tisa ninakata suruali, kumbe mimi ni kikosi." Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Mama yake Lucija alisema angekuwa na mkono mrefu wa kufika Ubelgiji angekuchapa. Nikamwambia asubiri zamu.

Nikaeleza hatari. Watu wa nyumba za juu, sisi sita, tulikuwa na haki ya kusema kwanza. Mzee Bepo alisema hapana, ana miaka themanini na moja, ameshabadilishiwa nchi mara ya kutosha bila kutoka jikoni kwake. Lucija alisimama na mtoto begani. Akasema, "Nyumba bila majani ni baridi moja tu, kisha tutashuka wenyewe mmoja mmoja, nao hawatahitaji hata askari wa kutufukuza. Mimi nasema ipelekwe." Mimi nikasema ipelekwe. Tukapiga kura kwa maharagwe kama tunavyogawa mafungu. Meupe kumi na mbili, meusi saba. Kati ya nyumba sita za juu, nne nyeupe. Nilihesabu nyuso, si maharagwe.

Kesho yake tuliipeleka karatasi watu tisa. Tulichukua na suruali mpya ya Štefan, mkasi umetariziwa kiunoni kama anavyofanya siku zote, na pasi ya nguo aliyoifua mfua vyuma, yenye alama yake ya nyundo. Tukaviweka juu ya meza ya ofisa mwenye miwani, kando ya michoro ya alama za jiwe. Akavitazama muda mrefu. Akagonga mhuri wa kupokea. Tarehe kumi na tisa, siku kumi na moja kabla ya mwisho.

Jina lako sasa linajulikana ofisini kuwa la mwongo. Nimemwuliza kama utashtakiwa. Akasema atamtafuta kwanza aliyeamini kwamba Venezia ilikuwa na kikosi cha mafundi cherehani.

Shangazi yako,
Tinca

*

Karibu na Liège, 6 Juni 1948

Shangazi, shikamoo.

Sijapata barua tangu ile ya Aprili. Kila siku namuuliza msambaza barua hadi ananikwepa. Je, wamekuja? Nyumba iko wapi? Nikiandika "Podlaz, Italia" kwenye bahasha mkono unasita.

Rocco ameondoka, amerudi kwao. Amesema vinane vinatosha kulima.

Sikuulizi kama watu wamenisamehe. Nauliza paa liko nchi gani.

Žef

*

Podlaz, 18 Julai 1948

Mwanangu Žef,

Marahaba. Sikuandika kwa sababu hakukuwa na jibu, na habari nusunusu sipendi kutuma. Sasa lipo.

Paa liko Italia. Unaweza kuandika bahasha.

Tume ilikuja tarehe ishirini na mbili Juni, watu kumi na mmoja. Na sisi tulikuwepo, sitini na nane, pamoja na mzee Bepo juu ya kiti kilichobebwa. Hatukupaka chokaa chochote. Kila mtu alisimama kwenye msalaba wa nyumba yake. Mwenye kidole alikuwepo, nikamtambua kwa namna alivyotazama paa letu. Walipima siku mbili. Wakabishana. Mwishowe mstari umepanda mita mia mbili na kumi. Bikoni za saruji zinapita katikati ya Ravne. Nusu ya chini ni yetu, nusu ya juu ni yao.

Tume haitoi bure. Walipopanda huku, walishuka upande wa kaskazini, na msitu wa kuni wa nyumba yetu, ule alioupanda babu yako, umevuka. Nyumba nyingine hazikupoteza kuni. Ni sisi tu. Štefan alikuja jioni na mkokoteni wa kuni, akaumwaga mlangoni, akaondoka. Kesho yake akaja mama yake Lucija na mwingine. Bado wanakuja. Sijui niziweke wapi.

Tarehe kumi na mbili Julai tulikata majani. Kura yetu ilitupa fungu la saba. Tulianza alfajiri, nyumba kumi na tisa, kutoka kwenye misalaba kwenda juu, kama kila mwaka. Saa nne tukafika kwenye bikoni. Hakuna aliyesimama. Lucija alipitisha mundu wake kulia kwa bikoni, mimi kushoto, tukaendelea. Si kwamba tulikubaliana. Majani yalikuwa yanaendelea.

Ofisa wao akashuka na askari wanne, mmoja ni yule wa Tolmin. Akasema mmeingia nchi nyingine bila karatasi.

"Andika majina yetu," nikamwambia.

"Nitaandika, na nitawapeleka mbele ya sheria."

"Andika. Tutakutajia tukiwa tunakata, jua linawaka."

Akatoa daftari. Tukamtajia kwa majina ya nyumba zetu, kwa lugha yetu, si yale waliyotuandikia enzi zile kwenye vyeti. Alikuwa anaturudisha nyuma tutaje tena, akitufuata mstari kwa mstari huku akiruka matita ya majani, kofia imeloa. Yule wa Tolmin alimwambia, "Mkubwa, ukiwakamata hawa, ng'ombe thelathini na mmoja utawakamua wewe." Ofisa hakucheka. Hakutukamata pia. Saa kumi alasiri tulifika kileleni. Tumekata yote. Mwakani huenda wakatufyatulia risasi, au wakatupa vibali. Tumewaambia tutakuja kwa vyovyote.

Yule ofisa alipofika na daftari kwenye fungu letu la saba alinikuta niko peke yangu. Akauliza nyumba hii ina wakataji wangapi.

Nikamwambia wawili.

Akatazama huku na huku, akaona mundu mmoja. "Wa pili yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Akaandika wawili.

Shangazi yako,
Tinca